Apio, Adongo na hesabu ya kilichoachwa

Jirani yangu mmoja hapa Busia, upande wa Uganda, ana duka la rejareja ndani ya jengo lake mwenyewe. Kila tukikaa barazani kwake jioni hujisifu kwa jambo lile lile: "Wenzangu wanahangaika na kodi ya pango. Mimi, mwanangu, sina mwenye nyumba." Akishatoa gharama ya mzigo, umeme, leseni na kijana wa kumsaidia kubeba, hubakiwa na kama shilingi 400,000 kwa mwezi. Hizo huziita faida.

Siku moja nikamuuliza, chumba kile angekipangisha angepata ngapi. Alijibu papo hapo, maana madalali humsumbua kila wiki: 300,000. Na yeye mwenyewe, mzee anayejua bei ya kila bidhaa kuanzia hapa mpaka Bungoma, akiajiriwa kusimamia duka la mtu atalipwa ngapi? Akasema 250,000 hazikosekani. Tukajumlisha. Angefunga duka, akapangisha chumba na kwenda kuajiriwa, angeingiza 550,000. Duka linampa 400,000. Kumbe duka lisilo na mwenye nyumba linamla 150,000 kila mwezi.

Alinyamaza, kisha akacheka. "Lakini hapa nasalimiwa na watu, na hakuna wa kuniuliza kwa nini nimechelewa." Jibu zuri, tena la kiuchumi kabisa. Maana yake, salamu na uhuru kwake vina thamani isiyopungua hizo 150,000. Hesabu haikumwamuru afunge duka. Ilimtajia tu bei ya kitu alichodhani anakipata bure.

Hiyo ndiyo gharama ya fursa. Wengine huiita gharama mbadala. Mimi napenda kuiita hesabu ya kilichoachwa. Gharama ya jambo lolote ni thamani ya lile bora zaidi ulilolikosa kwa sababu umechagua hili. Wahenga walituambia mshika mbili moja humponyoka. Mchumi anaongeza swali moja tu: hiyo iliyoponyoka ilikuwa na thamani gani?

Swali hilo lina mitego ambayo hata wasomi huanguka nayo. Mwenye shamba la nusu eka anaweza kupanda kahawa, matoke, mahindi au mikaratusi. Akipanda kahawa hajakosa vyote vitatu vilivyobaki, kwa sababu shamba lile lisingebeba vyote kwa pamoja. Amekosa kile kimoja ambacho kingemlipa zaidi. Mtego mwingine ni fedha iliyokwisha kutumika. Mamilioni ambayo jirani yangu alijengea jengo hayamo kwenye hesabu ya leo, kwani afunge duka asifunge, hayarudi. Na kama hakuna mtu hata mmoja anayekitaka chumba, basi kukikalia hakumgharimu chochote. Gharama hii hufuata kile ambacho kingeweza kufanyika. Kilichoandikwa kwenye risiti ni jambo jingine.

Mwenye bodaboda naye hukosea hapo hapo. (Jina lenyewe, niseme kwa majivuno ya mtu wa Busia, lilizaliwa hapa kwetu miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.) Jioni huhesabu petroli, chakula na pesa ya mwenye pikipiki, kisha kilichobaki akakiita faida. Siku yake nzima haimo kwenye hesabu, kana kwamba aliiokota.

Sasa twende stendi, maana hesabu hii ya mtu mmoja ikiwekwa kati ya watu wawili inazaa kitu cha ajabu.

Kwa Jopadhola na jamaa zao Waluo, mapacha wa kike wana majina yao tayari: aliyetangulia ni Apio, aliyefuata ni Adongo. Mapacha wangu ni wa kubuni, lakini jikoni kwao nimepaona mara nyingi. Wanauza chapati na sambusa pale stendi. Apio ana mikono ya ajabu: kwa saa moja hutoa chapati 30, au akiamua kukunja sambusa, hutoa 60. Adongo ni mzito. Kwa saa hiyo hiyo hutoa chapati 20, au sambusa 20. Apio anamshinda mdogo wake kwenye chapati na anamshinda mara tatu kwenye sambusa.

Ukimuuliza mpita njia, atakwambia Adongo hana la kumpa dada yake. Akaoshe vyombo. Fikra hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi waamini kwamba nchi maskini haina cha kuuza kwa nchi tajiri, au kwamba mfanyakazi hodari hana haja na aliye dhaifu. Tuiweke kwenye mizani.

Kila mmoja anafanya kazi saa sita kwa siku. Kabla ya kushirikiana, kila mmoja anagawa muda wake nusu kwa nusu. Apio anapata chapati 90 na sambusa 180. Adongo anapata chapati 60 na sambusa 60. Sinia zao zikiunganishwa zina chapati 150 na sambusa 240.

Rudi sasa kwenye swali la jirani yangu. Apio akipika chapati moja ameacha nini? Muda wa chapati 30 ungempa sambusa 60, kwa hiyo chapati moja inamgharimu sambusa mbili. Adongo je? Muda wa chapati 20 ungempa sambusa 20, hivyo chapati moja inamgharimu sambusa moja tu. Jikoni mle, chapati ya bei nafuu ni ya Adongo, yule mzito! Ni nafuu kwa sababu anachokiacha ili aipike ni kidogo, kasi yake haihusiki. Apio, kwa ule ubingwa wake wa sambusa, kila chapati anayoigusa ni hasara ya sambusa mbili.

Basi Adongo na apike chapati saa zote sita: 120. Zinapungua 30 kufikia zile 150 za jana, kwa hiyo Apio anapika chapati kwa saa moja, zinatimia. Saa zake tano zilizobaki anakunja sambusa: 300. Jana zilikuwa 240. Hakuna aliyeongeza kasi, hakuna aliyeongeza saa, hakuna unga mpya wala jiko jipya, na sinia lina sambusa 60 zaidi.

Nimelifanya zoezi hili mbele ya watu wengi, na kila mara kuna anayerudia kuhesabu kwa vidole akidhani nimemchezea kamari ya karata tatu. Arudie tu. Sambusa 60 zimetoka kwenye tofauti ya kile ambacho kila mmoja anakiacha. Wachumi huiita faida linganishi, na neno lenye uzito ni hilo la pili. Ubingwa wa Apio upo na hakuna anayeupinga. Lakini hawezi kuwa na faida linganishi katika vyote viwili, hata awe na mikono kumi, kwa sababu kila sambusa inapokuwa rahisi kwake, chapati inazidi kuwa ghali kwake. Ndiyo maana Adongo, aliyeshindwa kila mahali, lazima abakiwe na kitu cha kuuza. Kuna hali moja tu ya kumnyima: awe mzito kwa uwiano ule ule, tuseme chapati 15 au sambusa 30. Hapo gharama zao zinalingana na ushirikiano hauzai kitu.

Aliyeitoa hoja hii hadharani kwa tarakimu ni David Ricardo, mtu aliyetajirika kwenye soko la hisa la London kabla ya kugeukia uandishi. Adam Smith, mwaka 1776, alishasema fundi cherehani hajishonei viatu, huvinunua kwa mshona viatu. Hilo ni rahisi, kila mmoja ana ubingwa wake. Ricardo mwaka 1817 aliuliza swali gumu zaidi: na kama mmoja ni bingwa wa vyote? Katika mfano wake, Uingereza ilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo na watu 120 kwa kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno ndiye Apio. Hata hivyo Ureno ikipeleka mvinyo wa watu 80 na kuleta nguo ambazo nyumbani zingechukua watu 90, imeokoa kazi ya watu 10. Uingereza, kwa kutoa nguo za watu 100 badala ya kujitengenezea mvinyo wa watu 120, imeokoa ya 20. Mambo haya kwake hayakuwa ya darasani tu. Bunge la Uingereza mwaka 1815 lilikuwa limezuia nafaka rahisi kutoka nje ili kulinda bei ya wenye mashamba, na Ricardo alipinga. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1846, yeye akiwa kaburini tangu 1823.

Nafaka na mpaka: hapo sisi wa Busia tunamwelewa bila mkalimani.

Uganda ina misimu miwili ya mvua katika sehemu kubwa ya nchi, na mkulima wa mahindi anavuna mara mbili. Ng'ambo, kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, ghala la mahindi la Kenya, mavuno makubwa ni mara moja, kuelekea mwisho wa mwaka. Mahindi yetu ya katikati ya mwaka hutoka wakati maghala yao yamepungua. Halafu kuna suala la sahani. Mkenya asipokula ugali anasema hajala. Mganda ana matoke, mihogo, viazi vitamu na wimbi. Posho, yaani ugali wa mahindi, kwa wengi ni chakula cha shule na kambi. Kwa hiyo gunia la mahindi likivuka mpaka, kinachoachwa upande huu ni kidogo kuliko kinachopatikana upande ule. Huhitaji kumwonyesha mwanamke mwenye gunia lake kwenye baiskeli tarakimu zozote. Anaijua tofauti hiyo kwa bei ya leo asubuhi.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu inayoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Siku chache baadaye ikalegeza, kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uje na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sitasema hofu ile ilikuwa ya bure. Sumukuvu huua ini, na mahindi yetu mengi hukaushwa chini, juu ya udongo. Lakini tazama kilichotokea kwenye hesabu. Cheti ni gharama, na gharama ya kuvuka hukatwa kwenye zile sambusa 60.

Tuone. Adongo amehamia upande wa pili wa mji. Boda wa kubeba sinia anataka sambusa 20 kwenda na 20 kurudi. Faida ya 60 imebaki 20. Akitokea mtu barabarani anayetaka sambusa 20 "za chai", imekwisha, na mapacha hawana sababu ya kushirikiana tena. Kila mmoja atarudi kupika vyote viwili, ubingwa wao ukiwa vile vile. Nadharia haijakosea hapo. Imemezwa na barabara.

Kwa nchi isiyo na bahari hili ni jambo la kufa na kupona. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100. Enzi za wapagazi, mzigo ulisafiri kichwani mwa mtu, na kilichoweza kulipa safari hiyo kilikuwa pembe za ndovu na vichache vingine. Pamba ingeliwa na nauli kabla ya kufika nusu ya njia. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikivushwa ziwani kwa meli, pamba ikaanza kusambazwa kwa wakulima wa Uganda ndani ya miaka michache. Udongo haukubadilika, mvua haikubadilika. Nauli ndiyo iliyobadilika. Na inaweza kurudi nyuma: Januari 2022 madereva wa malori walipogoma Busia na Malaba kupinga malipo ya vipimo vya korona, foleni ilienda makumi ya kilomita na bei ya petroli Kampala ikaruka ndani ya siku chache. Mpaka wa Gatuna, kati yetu na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu Apio na Adongo walipika kila mmoja kwake.

Ndiyo maana vitu visivyo na mvuto wa gazeti, kama kituo kimoja cha pamoja pale Busia ambapo lori hukaguliwa mara moja badala ya mbili, au utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kwangu vina uzito kuliko hotuba nyingi za undugu. Mama mwenye magunia matatu akizijua fomu zile hana haja ya njia za panya.

Mpaka hapa nimesifu. Lakini kuna swali nililolikwepa kwa makusudi: zile sambusa 60, nani anakula?

Adongo hatakubali kutoa chapati kwa chini ya sambusa moja, kwani hiyo ndiyo gharama yake. Apio hatalipa zaidi ya mbili, maana kwa mbili anaweza kujipikia. Kati ya moja na mbili ni uwanja wa kuvutana. Wakikubaliana moja na nusu, Adongo akitoa chapati 60 anapata sambusa 90, na kila mmoja amezidisha 30 juu ya alizokuwa nazo zamani. Wakikubaliana mbili kamili, sambusa zote 60 za ziada ni za Adongo, Apio hana nyongeza. Wakikubaliana moja, Apio anazoa zote. Katika bei zote hizo hakuna aliyedhulumiwa kiasi cha kuwa chini ya alipokuwa, na hapo ndipo mashabiki wa biashara huria hunyamaza wakiridhika. Mimi siridhiki. Mtu anaweza kuwa hajapoteza na bado akawa ameonewa.

Kinachoamua bei itue wapi ni nani anayeweza kusubiri. Adongo akidaiwa ada ya mtoto leo jioni atapokea sambusa moja na kipande. Waulize wakulima wa kahawa. Robusta ni mmea wa asili wa kandokando ya Ziwa Victoria, Waganda waliitafuna mbegu yake iliyochemshwa karne nyingi kabla haijawa zao la kuuza ng'ambo, na leo Uganda inashindana na Ethiopia kwa kuuza kahawa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Faida linganishi hakuna anayeitilia shaka. Lakini mkulima huuza kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake (jina linalostahili, ukikumbuka kiboko kingine ni cha kuchapia). Na yule aliyebanwa zaidi huuza kahawa ikiwa bado maua mtini: mnunuzi anampa fedha leo, mavuno yakija ni ya mnunuzi. Bei anayopewa iko karibu kabisa na ile "moja" ya Adongo. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka duniani kote. Mkulima wa Masaka hakuwa amefanya kosa lolote. Ubora wa kahawa yake ulikuwa ule ule, mstari wa kugawana ndio uliosogea.

Nchi nazo huvutana vivyo hivyo, na Afrika Mashariki imewahi kuvunjikia hapo. Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa soko moja, na viwanda vilizidi kurundikana Kenya. Mwaka 1964 viongozi walikutana Kampala wakajaribu kugawana viwanda kwa makubaliano. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Kampala Juni 1967 ukaruhusu nchi zilizo nyuma kutoza ushuru maalumu kwa bidhaa za viwanda za mwenzao, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao Kampala, ikapangiwa kuelekeza fedha zaidi Uganda na Tanzania. Havikutosha. Zikaongezeka siasa za Idi Amin na tofauti za itikadi, na mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Sinia lilikuwa kubwa, ila aliyedhani anapunjwa alichoka kuhesabiwa ukubwa wake. Walioianzisha upya walikumbuka: umoja wa forodha ulipoanza 2005, bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru zikiingia Uganda, kuanzia asilimia 10 na kushuka kila mwaka hadi sifuri mwaka 2010. Muda wa kupumua, kwa lugha nyingine.

Tatizo lingine ni kwamba mfano wangu wa jikoni una ulaghai mdogo, na ni haki niukiri. Apio alihama kutoka chapati kwenda sambusa kwa kuvuka kutoka jiko moja hadi jingine. Watu hawahami hivyo.

Chukua mivumba, nguo kuukuu ambazo wenzetu wa Kenya na Tanzania huziita mitumba. Shati la soko la Owino, Kampala, likinunuliwa kwa shilingi 5,000 badala ya jipya la 30,000, zile 25,000 zilizobaki ni daftari na sabuni. Hiyo ni faida halisi ya biashara na mwenye kuidharau hajawahi kuvisha watoto watano. Kwa upande wa pili, Jinja ilijengewa kiwanda cha Nyanza Textile miaka ya 1950, jirani na umeme wa bwawa la Owen Falls, na nchi inayolima pamba tangu enzi za ukoloni inaendelea kuuza sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa haijasokotwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba polepole. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru katika soko lake. Uganda, Kenya na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Agosti 2023 Rais Museveni akatangaza tena, akiwa Mbale, kwamba mivumba ipigwe marufuku.

Wanaobishana juu ya jambo hili mara nyingi kila mmoja anasema kweli nusu. Faida ya mivumba imesambaa: vijishilingi mifukoni mwa mamilioni, kiasi kwamba hakuna atakayeandamana kuitetea isipokuwa wachuuzi wenyewe. Hasara imerundikana kwa mtu mmoja mmoja: mfumaji wa miaka 45 aliyekuwa Jinja na cherehani isiyo na mteja mtaani. Hesabu ya jumla inaweza kuwa chanya na mtu huyo akabaki hana pa kwenda. Kitabu kitasema walioneemeka wanaweza kumfidia na bado wakabaki na ziada. Ni kweli, wanaweza. Sijakutana na aliyelipwa.

Halafu kuna swali ambalo Adongo mwenyewe angeuliza kama ningempa nafasi: "Nikikaa kwenye chapati miaka yote, sambusa nitajifunza lini?"

Faida linganishi haikuandikwa kwenye mawe ya Rwenzori. Sangara hakuwamo Ziwa Victoria; aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1990 minofu yake ilikuwa miongoni mwa mauzo makubwa ya Uganda nje. Faida iliyotengenezwa na mikono ya watu, na iliyokuwa na kilichoachwa chake: mamia ya aina za samaki wadogo wa asili walitoweka au kupungua vibaya, na minofu ilipopaa kwenda Ulaya, Kisumu walibaki kukaanga mifupa waliyoipa jina mgongo wazi. Hakuna risiti iliyoonyesha gharama hiyo.

Adongo naye anaweza kujifunza, ila kwa bei. Kila saa anayotumia kufanya mazoezi ya sambusa ni chapati 20 ambazo hazikupikwa, na dada yake atalalamika kwamba sinia limepungua. Atakuwa anasema kweli. Wanaotaka Uganda ikaange na kusaga kahawa yake yenyewe, badala ya kuuza kiboko, wanaomba saa hizo za mazoezi. Wanaowapinga wanahesabu chapati. Wote wawili wako kwenye hesabu ile ile, tofauti ni urefu wa muda wanaoutazama, na kama kweli mwanafunzi atahitimu au atakaa darasani milele akilipiwa ada na wengine. Tumeona viwanda vya aina zote mbili.

Lakini tuseme amehitimu. Mwaka umepita, mikono imelainika, na kwa saa moja Adongo sasa anakunja sambusa 50. Chapati zake ni 20 zile zile. Piga hesabu: chapati moja inamgharimu sambusa mbili na nusu. Kwa Apio bado ni mbili. Apio angali bingwa wa vyote, hakuna kidole chake kilichopungua kasi, hajafanya kosa lolote. Na kuanzia asubuhi ile, wa kuhamia kwenye jiko la chapati ni yeye.